Jedwali la nusu msimu wa besiboli ya kuigiza lisipangwe kwa pointi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako. Ligi za besiboli ya kuigiza, zile zinazochezwa mezani kwa kadi na dadu au kwa programu ya kompyuta, zimefika nusu msimu, na majedwali yake yanazunguka kwenye simu za wachezaji kuanzia Shangani na Mikindani hadi Lindi mjini. Mengi yamepangwa kama ya Ligi Kuu ya soka: ushindi pointi tatu, na mwenye pointi nyingi ndiye kinara. Chini yake hufuata orodha ya nyota wa nusu msimu. Tunasema wazi kwamba jedwali la namna hiyo linaweza kumweka juu asiyeongoza, na orodha ya nyota iliyo chini yake haina uzito. Ukurasa wako wa michezo ukiamua kuyachapa, tunaomba yachapwe kwa utaratibu wa besiboli yenyewe.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, kila mchezaji halisi wa Marekani ana kadi iliyotengenezwa kutokana na takwimu zake za msimu fulani. Katika APBA, mchezo ulioanza kuuzwa mwaka 1951, unarusha dadu mbili, kubwa nyekundu na ndogo nyeupe, na unazisoma kama tarakimu mbili bila kuzijumlisha. Nyekundu 6 na nyeupe 4 ni 64. Yanapatikana matokeo 36, kuanzia 11 hadi 66, yote yenye nafasi sawa ya kutokea. Strat-O-Matic ya Hal Richman, ya mwaka 1961, ina dadu tatu. Ya kwanza ikitoa 1, 2 au 3 unasoma kadi ya mpigaji, ikitoa 4, 5 au 6 unasoma kadi ya mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira. Mbili zilizobaki unazijumlisha kupata mstari wa kusoma. Jumla ya 7 hutokea mara 6 katika kila 36, lakini 2 au 12 hutokea mara 1 tu, kwa hiyo kadi ya mpigaji hodari ni ile yenye mapigo mazuri kwenye 6, 7 na 8. Wenye kompyuta hutumia zaidi Out of the Park Baseball ya Mjerumani Markus Heinsohn, ambayo hufanya hesabu zote hizo ndani kwa ndani.

Sasa tuje kwenye jedwali. Tuchukue mfano wa ligi ya timu nane zilizopewa majina ya miji yetu, kila timu ikicheza mechi 56, yaani mara nane na kila mpinzani, nne nyumbani na nne ugenini. Nusu msimu ni mechi 28. Tuseme Newala imecheza zote 28, imeshinda 18 na kupoteza 10. Masasi ina viporo vitatu: imecheza 25, imeshinda 17, imepoteza 8. Kwa pointi tatu, Newala ina 54 na Masasi 51, na Newala inatangazwa kinara. Lakini gawanya ushindi kwa mechi zilizochezwa. Masasi inapata 0.680, Newala 0.643. Kinara ni Masasi.

Soka inavumilia pointi kwa sababu ina sare, na kwa sababu msimu wake ni mfupi, mechi 30 kwa timu 16, ambapo viporo humalizika kabla ya mwisho. Besiboli ya Marekani ina mechi 162 kwa kila timu, karibu kila siku kuna mchezo, mvua huahirisha hapa na pale, na katikati ya msimu mara nyingi timu mbili haziwi na idadi sawa ya mechi. Ndiyo maana jedwali lao hupangwa kwa kiwango cha ushindi, na pembeni yake huwekwa safu ya mechi ambazo timu imeachwa nyuma. Safu hiyo hupatikana hivi: chukua ushindi wa kinara utoe ushindi wa timu yako, kisha chukua mechi ilizopoteza timu yako utoe zile za kinara, jumlisha majibu mawili, gawanya kwa mbili. Kwa Newala: 17 toa 18 ni hasi 1, 10 toa 8 ni 2, jumla 1, nusu yake 0.5. Newala imeachwa nusu mechi ingawa imeshinda mara nyingi zaidi. Kilwa yenye ushindi 15 na kupoteza 12 imeachwa mechi 3. Anayesoma safu hiyo anajua umbali wa kweli: Kilwa ikikutana na Masasi mara tatu na kushinda zote, umbali huo unakwisha.

Kuna ligi zinazofuata kanuni za Japani, ambako mechi ikifika iningi 12 (iningi ni duru ambamo kila timu hupata zamu ya kupiga) bila mshindi huwa sare. Utaratibu huo una mashabiki hapa nchini kwa sababu besiboli yetu imelelewa sana na Wajapani, hata uwanja wa besiboli wa Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ulijengwa kwa msaada wao. Wenye kuufuata wakumbuke kwamba Japani sare haiingii kwenye kiwango cha ushindi kabisa. Timu yenye ushindi 14, kupoteza 10 na sare 4 inagawanya 14 kwa 24, haigawanyi kwa 28. Tumeona majedwali yanayoihesabu sare kama nusu ya ushindi na mengine yanayoihesabu kama kupoteza, wakati mwingine ndani ya ligi moja, kila meneja akijumlisha timu yake kivyake.

Kabla jedwali halijatoka, mtunza takwimu ahakikishe mambo mawili. Jumla ya ushindi wa timu zote lazima ilingane na jumla ya kupoteza. Jumla ya mikimbio, ambayo ndiyo mabao ya besiboli, iliyofungwa na timu zote lazima ilingane na jumla ya mikimbio iliyofungwa dhidi yao. Zisipolingana, kuna karatasi ya mechi iliyoandikwa mara mbili au iliyosahauliwa na meneja mmoja. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo inayokamata makosa mengi kuliko kazi nyingine yoyote ya kuhariri.

Safu ya mikimbio ndiyo tunayoililia zaidi, kwa sababu ndiyo inayosema timu ina nguvu gani. Bill James, mchambuzi wa takwimu wa Marekani, alitoa kanuni rahisi: zidisha mikimbio uliyofunga kwa yenyewe, zidisha uliyofungwa kwa yenyewe, kisha gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Jibu linakaribia kiwango cha ushindi ambacho timu ingestahili. Turudi kwa Newala. Tuseme imefunga 121 na kufungwa 118. Kanuni inatoa 0.513, yaani ushindi 14 hivi katika mechi 28. Ina 18. Ruangwa nayo, tuseme imeshinda 12 na kupoteza 15, lakini imefunga 139 na kufungwa 116. Kanuni inatoa 0.589, ushindi 16 hivi katika mechi 27. Jedwali la pointi linaionyesha Newala inapaa na Ruangwa inazama. Mikimbio inaonyesha kwamba Ruangwa ndiyo timu bora ya hizo mbili, na meneja wake akivunja kikosi nusu msimu kwa kubadilishana wachezaji atakuwa amejikata mkono mwenyewe.

Hayo si mambo ya mezani tu. Mwaka 2012 Baltimore Orioles walimaliza na ushindi 93 na kupoteza 69, ilhali walifunga mikimbio 712 na kufungwa 705, tofauti ya 7 tu kwa msimu mzima. Siri ilikuwa kwenye mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja: walishinda 29, wakapoteza 9. Msimu uliofuata mechi za aina hiyo walishinda 20 na kupoteza 31, na ushindi wao wote ukashuka hadi 85. Kwenye ligi ya dadu, ambako hakuna hata hofu ya mchezaji wala kelele za uwanjani, mechi za mkimbio mmoja ni bahati zaidi. Kwa hiyo safu nyingine ndogo tunayoipenda ni ushindi na kupoteza kwa mkimbio mmoja. Timu yenye 9 kwa 1 hapo isianze kuagiza kombe.

Bahati yenyewe inapimika. Timu ya wastani kabisa, yenye nafasi nusu kwa nusu katika kila mechi, ikicheza mechi 28 hutarajiwa kushinda 14, na kupotoka kwa kawaida ni karibu ushindi 2.6. Yaani kuikuta na 17 au na 11 bila kuwa imebadilika chochote ni jambo la kila msimu. Katika timu nane, karibu lazima mojawapo iwe pale juu kwa upepo. Na aliye chini asikate tamaa: Boston Braves wa mwaka 1914 walikuwa wa mwisho tarehe 4 Julai, wameachwa mechi 15, wakaishia kuchukua ubingwa wa dunia kwa kuwafunga Philadelphia Athletics mechi nne kwa sifuri.

Tukifika kwa nyota wa nusu msimu, hapo ndipo makosa yanapoumiza zaidi, maana jina la mtu huchapwa kwa herufi nzito. Kosa la kwanza ni kutoweka kiwango cha chini cha kushiriki. Mpigaji aliyeingia mara 20 akapata mapigo 9 ana wastani wa 0.450, na anakaa juu ya mtu aliyeingia mara 110. Mnunuzi wa korosho hapimi ghala zima kwa korosho chache za juu ya gunia moja. Huchoma bambo magunia mengi ndipo akasema hii ni daraja la kwanza au la pili. Kanuni ya Marekani ni zamu 3.1 za kupiga kwa kila mechi ya timu, ambazo kwa mechi 162 ni 502. Kwa mechi 28 ni 86.8, kwa hiyo zamu 87. Kwa mrushaji ni iningi moja kwa kila mechi ya timu, hivyo 28. Timu yenye mechi 25 wachezaji wake wanapimwa kwa 25, si kwa 28, na hili husahauliwa karibu kila mara.

Ipo nafuu moja ya haki katika kanuni hiyo. Mchezaji aliyepungukiwa zamu chache huongezewa zamu za kubuni zisizo na pigo hadi afikie kiwango, na bado akiongoza hupewa nafasi yake. Tony Gwynn, mpigaji wa Marekani, mwaka 1996 alikuwa na zamu 498, pungufu ya nne, na wastani wa 0.353. Alipoongezewa zamu nne tupu alishuka hadi 0.349 na bado akawa juu ya wote katika ligi yake. Tunashauri ligi za huku zifuate hivyo hivyo.

Hata aliyefikia kiwango asomwe kwa uangalifu. Mpigaji ambaye kadi yake ni ya 0.270, akipiga mara 120, anaweza kuonekana wa 0.310 au wa 0.230 kwa kupotoka kwa kawaida tu. Kwa sababu hiyo tunaomba orodha ya wapigaji isitegemee wastani wa mapigo peke yake. Iwekwe pia safu ya kufika kituo, ambayo hujumlisha mapigo, vituo vya bure (mpigaji kupewa kituo cha kwanza kwa sababu ya mirusho mibaya) na kugongwa na mpira, kisha hugawanywa kwa zamu zote isipokuwa zile za kujitoa kwa kugusa mpira ili mwenzake asogee. Mpigaji mwenye 0.255 anayepata vituo vingi vya bure huwa na faida kuliko wa 0.285 asiyejua kusubiri mpira, na jedwali la sasa linamficha kabisa.

Warushaji wana tatizo lao la hesabu. Iningi moja ina watu watatu wa kutolewa, kwa hiyo 6.2 kwenye karatasi ya mechi maana yake ni iningi sita na theluthi mbili, siyo sita nukta mbili. Mrushaji akicheza 6.2, 5.1 na 7.2, mwenye kikokotoo huandika 18.5. Jibu sahihi ni iningi 19 na theluthi mbili. Kama ameruhusu mikimbio halali (isiyotokana na makosa ya walinzi wake) 8, wastani wake kwa iningi tisa ni 3.66, lakini hesabu mbovu inampa 3.89 na kumshusha nafasi kadhaa. Dawa yake ni kuacha kuandika iningi kwenye kompyuta na kuandika idadi ya waliotolewa: 20, 16 na 23, jumla 59. Kisha zidisha mikimbio halali kwa 27 na ugawanye kwa 59. Hapo hakuna theluthi ya kukosea.

Ligi zinazotumia kanuni ya kuanza iningi za nyongeza na mkimbiaji kwenye kituo cha pili zijue kwamba mkimbio wa mtu huyo hauhesabiwi kuwa halali kwa mrushaji. Na ushindi wa mrushaji usiwe kigezo kikuu cha kumchagua nyota. Jacob deGrom wa New York Mets mwaka 2018 alishinda mara 10 tu na kupoteza 9, huku wastani wake ukiwa 1.70, na wapiga kura wakampa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Hawakudanganywa na timu iliyoshindwa kumfungia mikimbio.

Lakini takwimu zote hizo hazina thamani kama kadi zimetumika vibaya, na hapa tunasema kwa uchungu kwa sababu ndiyo inayoua ligi nyingi kabla ya msimu kwisha. Kadi haichoki. Meneja asipozuiwa atamwanzisha mrushaji wake bora kila mechi, na nusu msimu utamkuta ana iningi ambazo hakuna mkono wa binadamu ungezibeba. Kanuni iwe siku nne za kupumzika kati ya mechi anazoanza, na iandikwe kwenye karatasi ya mechi, si kichwani mwa meneja. Kisha kuna kadi za wachezaji wa akiba. Mtu aliyepiga mara 40 tu katika msimu halisi akapata mapigo 16 ana kadi ya kutisha, kwa sababu kadi inanakili bahati yake ya zile mara 40. Akichezeshwa kila siku atavunja rekodi zote. Inayofaa ni kumruhusu zamu zake halisi na nyongeza ya asilimia kumi, basi. Nusu msimu ndio wakati wa kukagua: mwenye zamu halisi 98 hawezi kuvuka 108 msimu mzima, na kama ameshafika 100 kwenye mechi ya 28, meneja aambiwe sasa, na jina la mchezaji huyo likichapwa kwenye orodha ya nyota liwekewe alama.

Dadu nazo zikaguliwe. Rusha dadu moja mara 360 na uandike. Kila uso unatarajiwa mara 60, na kupotoka kwa kawaida ni kama 7. Uso uliotokea chini ya 46 au zaidi ya 74 unatia shaka. Rudia jaribio, na ukitokea vile vile tupa dadu hiyo. Nyingi zinazopatikana kwenye seti za ludo zimechimbwa matundu makubwa upande wa sita na kingo zake hazilingani. Zirushwe kutoka kwenye kikombe hadi kwenye sinia lenye kitambaa, si kwa vidole juu ya jamvi, ambako mtu mzoefu anaweza kuziburuta badala ya kuzirusha.

Kwa wanaotumia kompyuta, hatari ni umeme kukatika katikati ya mechi na meneja kuirudia tangu mwanzo. Mechi iliyorudiwa baada ya kuonekana inaelekea wapi siyo mechi. Faili lihifadhiwe kila baada ya iningi, nakala iwekwe kwenye flashi ya mtu asiye na timu, na kwenye karatasi iandikwe iningi, nani anapiga, wangapi wametolewa, nani yuko kituo gani, mikimbio ya kila upande na warushaji waliokwisha kutoka. Umeme ukirudi, hata kama ni baada ya siku tatu, mechi inaendelea palepale. Mpaka imalizike haiingii kwenye jedwali, na wala takwimu za wachezaji wake haziingii kwenye orodha ya nyota; tumeona ligi ikiingiza takwimu za wachezaji na kuacha matokeo ya mechi, ikawa mpigaji ana homurani (pigo linaloleta mkimbio papo hapo) ambayo timu yake haina mkimbio wake.

Mhariri, safu tunazoomba zitoshe kwenye upana wa ukurasa wako ni hizi: mechi, kushinda, kupoteza, kiwango, kuachwa nyuma, mikimbio ya kufunga, mikimbio ya kufungwa, na mechi za mkimbio mmoja. Juu ya jedwali iandikwe tarehe ya mechi ya mwisho iliyoingizwa, na chini yake viporo vilivyobaki kwa majina ya timu, ili Masasi na wapinzani wake watatu wajue nani anadaiwa na nani.

Ni sisi wasomaji wako,
Shangani, Mtwara